Mstari wa Pembeni

Jumanne asubuhi Febronia alipanda darini na sahani kumi na mbili za udongo, akaweka donge la unga wa mkate juu ya kila moja, akayaacha madonge juani yaumuke. Ng'ambo ya Nile aliliona dari la binti yake Nardin, na mashuka yaliyoanikwa vibaya na mkwewe. Nardin alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na daktari alikuwa amemkataza kushuka kitandani. Mama mkwe wake alishafariki. Kwa mashua ni safari ya dakika kumi. Lakini Febronia alikuwa mjane wa miezi saba, na mjane wa kijiji chetu, Nazlat Hor, havuki mto.

Sababu imo kitabuni. Kitabu cha masomo cha kanisa letu kimeandikwa kwa mkono, na katika waraka unaosomwa Jumapili ya nne ya Saumu Kuu mna mstari usiopatikana katika Biblia yoyote iliyopigwa chapa: Na mjane asivuke mto. Watu wa kwingine husema tumeuongeza. Sisi husema wao wameupoteza. Mjane akivuka hapewi tena komunyo, wala hazikwi kando ya mumewe. Mwenye mashua anayajua hayo, ndiyo maana mjane akisimama gatini humtazama kama haoni mtu.

Adhuhuri, Febronia akiwa anafukuza nzi kwenye madonge, mtu mmoja alipanda ngazi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino, na alikuwa amejifunga sanda kiunoni. Alisema anaitwa Bisada, alikuwa mwandishi wa kanisa, na kwa miaka mia tatu amezikwa chini ya sakafu upande wa wanawake.

"Jumapili ulilia juu yangu, dada," alisema. "Nimeshindwa kulala."

"Unisamehe," alisema Febronia. "Umekula?"

Alimpa maharage na mkate wa jana. Bisada alikula polepole, kisha akaeleza. Mstari ule ulikuwa wake. Mwaka mmoja mto ulifurika, mashua ya kijiji ilikuwa inavuja, na shangazi yake mjane, aliyekuwa na kikohozi, alitaka kwenda sokoni ng'ambo. Bisada alikuwa katikati ya kunakili waraka. Ili asisahau kumwonya, aliandika pembeni mwa ukurasa: Na mjane asivuke mto.

"Ukamwonya?"

"Nilisahau. Alivuka, akarudi na kuku wawili."

Kitabu chake kilipoanza kuliwa na mchwa, mwandishi mwingine alikinakili upya. Sisi waandishi, alisema Bisada, tukiruka mstari huuandika pembeni. Yule mwenzake alidhani huu nao ulikuwa umerukwa, akaurudisha ndani kwa heshima zote.

Kesho yake walikwenda kanisani. Abuna Armiya, padri wetu, alimpokea vizuri, akakisikiliza kisa chote mpaka kuku wawili. Bisada alikufa akiwa na miaka thelathini na miwili, kwa hiyo Abuna alimwita mwanangu. Mwalimu Gad, mwimbishaji wetu asiyeona, alimpapasa vidole na kuthibitisha kwamba ni mwandishi.

"Una kitabu chako chenyewe?" aliuliza Abuna.

"Kililiwa."

"Basi tuletee huyo mwenzako aliyekinakili. Maandiko yenyewe yanataka mashahidi wawili."

"Nimemwita. Amelala fofofo."

 Abuna si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alisema kwamba hata kama Bisada anasema kweli, kalamu haijui inachoandika. "Wewe ulikuwa unawaza mashua, mwanangu. Mungu huenda alikuwa anawaza jambo jingine. Mitume nao waliandika barua tu, kuwasalimu watu na kuagiza joho, na leo tunazibusu."

"Mimi si mtume, Abuna. Nilikuwa naogopea kikohozi cha shangazi."

"Hayo ndiyo unayoyajua wewe."

"Kwa hiyo mwenyewe aliyeandika hajui maana yake, ila ninyi?" aliuliza Febronia.

"Mama Nardin, polepole," alisema Abuna.

"Mtoto wangu atazaa peke yake, Abuna. Polepole nimeshakwenda."

Hapo Mwalimu Gad alizungumza, na sauti yake, ambayo kwa kawaida hujaza kanisa, ilikuwa ndogo. "Mama yangu alikaa mjane miaka arobaini na moja. Kaka yake alikuwa anakufa ng'ambo ile. Alisimama gatini siku tatu akisikiliza, mpaka kilio kilipoanza, akajua. Hakuvuka. Sasa kijana huyu anakuja kuniambia kilichomzuia ni kuku wawili?"

 Bisada alitazama vidole vyake. Febronia alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, lakini si juu ya mzee yule. Abuna akafunga kikao kwa sala.

Kitabu kilikuwa kimechakaa tena, na mwandishi mwenye mwandiko wa zamani hapatikani kila siku, kwa hiyo Abuna alimwomba Bisada akinakili upya. Alimpa chumba nyuma ya kanisa, wino na karatasi. Bisada aliuliza afanyeje akifika pale. Abuna alisema mwandishi hunakili kilicho mbele yake. Bisada alikubali kwamba ndivyo alivyofundishwa.

Nardin alijifungua Ijumaa, siku mbili baadaye. Simu ilikatika mara tatu. Mara ya nne alisema tu, "Mama, wameniwekea damu, mtoto mzima, ni wa kike, uje," halafu akakumbuka. Febronia alisema, "Nyonyesha, binti yangu," kwa sababu lilikuwa jambo la kusema.

Mstari hausemi lolote juu ya waliokufa. Bisada alivuka kesho yake, na mwenye mashua hakumtoza. Alirudi alasiri, akamkuta Febronia ameketi gatini.

"Ana nywele mpaka shingoni," alisema. "Analala akikunja ngumi. Binti yako amepauka, lakini amekunywa supu. Walinipa nimbebe."

"Mkono gani?"

Bisada alinyoosha wa kushoto. Febronia alikishika kitambaa cha sanda hapo kwenye kiwiko, ambapo kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala, akakinusa. Alikinusa kwa muda mrefu, watu wakishuka na kupanda mashua. Bisada hakuuondoa mkono mpaka alipomwachia.

Kisha akarudi kanisani, maana alikuwa amefika kwenye waraka ule. Aliuandika mstari ndani, mahali pake, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwenzake.