Pedali Moja kwa Kwaya Nzima

Malongo alikuwa amekaa dukani kwa Frednand, mjini Biharamulo, gitaa mapajani, tangu duka lifunguliwe, na uvumilivu wake ulikuwa unaelekea kwisha. Mbele yake, juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, zilipangwa pedali tatu, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Zote zilikuwa za bei nafuu, na zote, kwa maneno ya Frednand mwenye duka, zilikuwa ndizo zenyewe.

"Hii ndiyo yenyewe, mzee wangu."

"Ile nyingine umesema hivyohivyo."

"Na ile ndiyo yenyewe."

Malongo akashusha pumzi. Hakuja kucheza. Kwaya yao ya Nyantakara ilikuwa imealikwa Bukiriro, kule Ngara, kwenye ufunguzi wa kanisa jipya, na kamati ya kwaya ilishasema wazi: gitaa lisiposikika vizuri Bukiriro, magitaa yataingia stoo na kwaya itanunua kinanda. Kinanda, walisema, kina sauti zote ndani yake, hata ya gitaa. Malongo alikuwa amepiga solo katika kwaya hiyo tangu enzi za kusali chini ya turubai, na kuambiwa kwamba kuna kitufe kinachoweza kukaa mahali pake kulimkera kuliko jino bovu. Aliomba jambo moja tu: wamnunulie pedali, wamsikilize, ndipo waamue. Kamati ikakubali, ila mwenyekiti aende naye kuchagua.

Mwenyekiti alikuwa Deodata, ambaye watu wote humwita Mama Keza. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, akiziangalia pedali kama mtu anayechagua sufuria.

"Ile nyekundu," akasema.

"Mama Keza, hujaisikia bado."

"Nimeiona. Sare yetu ni nyekundu."

"Itakaa sakafuni! Nani ataangalia rangi ya kitu kilichoko sakafuni?"

"Wanawake wa Bukiriro," akajibu Deodata, bila hata kugeuka.

Niyongabo, mpiga gitaa la rithimu na jirani wa Malongo, aliyekuja nao, akacheka. Malongo akamtazama kwa jicho baya, kisha akachomeka waya kwenye ile nyekundu ili mambo yaishe. Ilikuwa pedali kubwa ya plastiki, ina kioo kidogo cha kuonyesha namba na swichi mbili zilizobanana kiasi kwamba mtu mwenye mguu wa kawaida angezikanyaga zote kwa pamoja. Ndani yake, Frednand alisema, kulikuwa na sauti nyingi kuliko siku za mwezi. Malongo akapiga. Sauti ya kwanza ilikuwa kama nyuki ndani ya kopo. Ya pili ilikuwa kama nyuki walewale, kopo kubwa zaidi. Niyongabo akainama na kubonyeza sauti iliyofuata, mara duka zima likajaa mngurumo wa kitu kinachopita angani.

"Helikopta!" Niyongabo akapiga makofi. "Kaka, hii tuchukue."

"Utampigia nani helikopta kanisani, Niyongabo?"

"Kuna ule wimbo wa shetani kutupwa chini."

"Shetani alitupwa na helikopta?"

"Mimi nasema itapendeza."

"Na inatumia betri?" Malongo akamgeukia Frednand.

"Hii ni ya umeme tu, mzee. Umeme safi, usiokatika."

"Basi tuwangoje Bukiriro wapate umeme usiokatika, ndipo twende."

Wakahamia ya pili, pedali nyeusi ya mkwaruzo, ile inayofanya gitaa lilie kama limekasirika. Hii ilikuwa ya chuma na nzito, na Malongo akaipenda mkononi kabla ya kuipiga. Alipoipiga hakuipenda tena. Kila uzi ulikwaruza juu ya mwenzake, na alipoondoa mkono ikabaki inaunguruma yenyewe. Isitoshe, kubadili betri ilibidi ufungue skrubu za chini zote, nazo zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Mtu aliyebuni kitu hicho, Malongo aliwaza, hajawahi kuishiwa betri katikati ya ibada.

"Inalia kama mashine ya kusaga," Deodata akasema.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Malongo akakubaliana naye, na hata hilo likamuudhi.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya bati gumu, rangi ya kijani kilichofifia kama sabuni ya mche iliyosahaulika juani. Ilikuwa na vifundo vitatu vya kuzungusha na swichi moja tu. Kazi yake ilikuwa mwangwi. Malongo akazungusha kifundo cha katikati kidogo, akakanyaga, akapiga ile solo ya wimbo wao wa kufungia. Akaipiga tena.

Siku zote gitaa lake lilikuwa na kasoro moja: sauti ilitoka na kufa papo hapo, kama mtu anayekatizwa kila akifungua kinywa. Sasa kila noti ilitoka na kaka yake nyuma, mdogo kidogo, kisha mwingine mdogo zaidi, na zote zikaondoka kwa adabu bila kugongana.

"Ongeza," Niyongabo akasema, na kabla hajazuiwa akazungusha kifundo hadi mwisho. Noti zikaanza kupandana. "Hapo! Kama mtu anaimba ndani ya pipa!"

"Hapo ni uji! Toa mkono!"

"Mbona tamu?"

"Tamu kwako unayepiga kodi tatu tu za gitaa, wimbo mzima."

"Kodi tatu hizohizo ndizo unazopandia juu, mzee."

Frednand akajiingiza kusema kwamba pipa na uji vyote vinapatikana, mteja anazungusha tu anavyotaka. Betri inaingia kwa kusukuma kifuniko, hakuna skrubu. Swichi ni ngumu, haiwezi kujibonyeza yenyewe. Deodata akasimama, akaja kuitazama kwa karibu, akaguna.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Mama Keza, nakuomba."

"Nauliza tu."

"Ni ya kulia vizuri. Umesikia ilivyolia?"

Deodata akatafakari. "Imelia," akakubali, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Akafungua mkoba, akalipa.

Ungedhani shida imeishia hapo. Lakini kwaya ya Nyantakara ina desturi yake ya mazoezi. Nyimbo hufanyiwa mazoezi ndani, watu wote wamekaa kwenye mabenchi, vyombo vikiwa vimechomekwa. Kucheza hufanyiwa mazoezi nje, uwanjani, kwa ngoma peke yake, kwa kuwa umeme haufiki. Na wapiga gitaa wa kwaya hiyo hawasimami pembeni kama nguzo. Hucheza mstari wa mbele pamoja na waimbaji, waya mrefu ukiwafuata nyuma. Mpiga gitaa asiyecheza, watu huuliza kama anaumwa. Basi Malongo akafanya mazoezi ya pedali wiki nzima akiwa amekaa, mguu juu ya swichi, na kila mtu akasifu. Hakuna aliyewaza, na yeye hakuwaza, kwamba pedali haichezi.

Aliligundua hilo Bukiriro, mbele ya kanisa lililojaa hadi madirishani.

Solo ya wimbo wa kwanza ilipofika, kwaya ilikuwa imesogea kulia, na Malongo alikuwa amesogea nayo. Pedali ilikuwa imebaki kushoto, imekaa sakafuni peke yake kama mtoto aliyesahaulika mnadani. Akapiga solo kavu. Noti zikafa papo hapo, kama kawaida yake. Mstari uliporudi kushoto akanyoosha mguu, akakosa, na Deodata aliyekuwa akicheza ubavuni mwake akaikanyaga barabara kwa kisigino. Ubeti wote ukaimbwa gitaa likijirudiarudia juu ya waimbaji.

"Zima hilo dude!" Deodata akafoka akiwa ameuma meno, uso ukiwa bado unatabasamu kwa washarika.

"Wewe ndiye umeliwasha!"

"Mimi nacheza!"

Wimbo wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Safari hii aliiwahi, akaiwasha, lakini kuizima hakuweza, maana mstari ulishaondoka na Niyongabo alikuwa anamsukuma kwa bega. Kule mbele Malongo akawaona wanakamati wawili wakinong'onezana, na mmoja akachezesha vidole hewani, kama mtu anayepiga kinanda.

Wimbo wa kufungia ulipoanza, kwaya ikaenda kulia. Malongo hakwenda.

Alisimama palepale, kidole cha mguu juu ya swichi. Niyongabo, ambaye hakutegemea kukuta mtu, akamvaa, na shingo za magitaa zikagongana. Mwimbaji aliyefuata akajikwaa kwa Niyongabo. Mstari mwekundu uliokuwa fahari ya Nyantakara ukapinda, ukakatika, ukampita Malongo huku na huku kama ng'ombe wanaopita kisiki. Deodata alimtazama kwa namna ambayo mume wake pekee ndiye angeielewa. Malongo akafumba macho. Solo ikafika, akakanyaga, akapiga.

Noti zikatoka na kaka zao nyuma. Zikapanda hadi kwenye bati jipya la kanisa na kushuka pole pole, na wazee wa Bukiriro waliokuwa wakisinzia benchi la nyuma wakainua vichwa. Alipomaliza, watu wakaomba wimbo urudiwe, na uliporudiwa hakusogea tena.

Kamati ilikaa jioni hiyohiyo, nje, karibu na lori lililowaleta. Deodata ndiye aliyeleta majibu.

"Kinanda tumekiacha," akasema. "Gitaa linabaki."

Malongo akataka kushukuru, lakini Deodata hakumpa nafasi ya kufungua mdomo.

"Ila wewe hutacheza tena. Umetuvunjia mstari mbele ya watu. Tutakuwekea kiti, ukae na kidude chako."

"Mama Keza, mimi nacheza vizuri kuliko hao wote."

"Ulikuwa."

"Na Niyongabo je?"

"Niyongabo atachukua nafasi yako mbele."

"Niyongabo hajui hata mguu wake wa kushoto uko wapi!"

"Lakini hana pedali," Deodata akasema, akapanda lori.

Jumamosi iliyofuata kwaya ilitoka uwanjani kwa mazoezi ya kucheza, kwa ngoma, kama desturi. Malongo akabaki ndani, kwenye kiti, gitaa limechomekwa, sauti yake sasa nzuri kuliko ilivyowahi kuwa. Kupitia dirishani alimwona Niyongabo akienda kulia wakati wenzake wanakwenda kushoto. Akavumilia. Niyongabo akarudia kosa lilelile. Malongo akaweka gitaa chini, akatoa kichwa dirishani.

"Mguu wa kushoto, wewe! Kushoto!"

"Piga gitaa lako!" wakamjibu wote kwa pamoja.