Kengele ya Kiti cha Kushoto

Muuzaji alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na asubuhi ile aliyamwaga yote.

"Ukiyaona kwa nje utasema pacha," alisema, akiyapitia magari matatu meupe yaliyopangwa ukumbini. "Bodi moja, injini moja. Tofauti iko ndani, mama. Hii ya chini vioo unazungusha kwa mkono, viti ni vigumu kidogo, lakini gari ni gari. Ya kati inakupa kiyoyozi na kamera ya nyuma. Sasa hii ya juu! Difu ya nyuma unaifunga ukizama kwenye tope, magurudumu yavute pamoja, mifuko ya hewa mpaka ubavuni, na kengele ya mkanda kwa kila abiria. Mtu akikaa bila kufunga mkanda inamlilia mpaka aone haya."

Mteja wake, mpima maji, hakucheka. Neno kengele lilikuwa limemchoma penye kidonda. Alikuwa mwanamke wa makamo, kazi yake kuzunguka porini kutafuta sehemu za kuchimba visima, na gari la kwanza la kazi hiyo alilinunua humu humu. Alichukua toleo la chini. Muuzaji wa wakati ule alipomtajia kengele ya abiria, alimjibu kwa kujidai: "Kengele ya nini? Sisi watu wazima."

Abiria wake alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Watu walimwita Fimbo kwa sababu ya fimbo yake ya kupimia kina. Kila wakikuta maji yamekata njia, Fimbo alifungua mkanda, akashuka, akatangulia kupima kwa fimbo na kwa miguu yake mwenyewe. Panapopitika, alipunga mkono. Pasipopitika, alirudi akagonga boneti mara mbili. Kisha alipanda na suruali iliyolowa, na dada yake akamwambia, "Funga mkanda, Fimbo." Miaka sita alimwambia hivyo kila mara, isipokuwa mara moja.

Siku hiyo, Fimbo alipopanda baada ya kupima mto, walikuwa wanagombania karanga za mwisho, wanacheka, dada akasahau. Mita mia mbili kutoka mtoni gari liliteleza kwenye ukingo, likabiringika. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mdogo wake alirushwa nje, akafa. Kwamba hakumkumbusha mkanda, hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yao.

Tangu hapo alikuwa hajarudi porini. Mkobani alikuwa na barua ya kuacha kazi, imekamilika, imebaki saini. Mama ndiye aliyemsukuma aje. "Nunua gari uende," alimwambia. "Ukiendelea kujifungia ndani, nitakuwa nimewazika wote wawili." Basi alikuwa amekata shauri kwamba leo ataondoka na gari, au atasaini barua.

"Nitajaribu hiyo ya juu," alisema.

Muuzaji alipanda nyuma, ili, kwa maelezo yake, mteja ajionee nafasi ya miguu ilivyo ya kifalme. Mpima maji akafunga mkanda, mkoba akauweka miguuni, akawasha gari.

Ti, ti, ti. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ya kimtu kisicho na mkanda. Kiti cha mbele, kushoto.

"Umeweka kitu kitini?"

"Hakuna kitu."

"Gari mpya hizi, zina utoto." Muuzaji alipenyeza mkono, akakipapasa kiti, halafu akaurudisha haraka. "Kina joto. Pengine jua."

Ukumbi ule haukuwa na jua. Mpima maji alihisi nywele za mikononi zikimsimama. Aliuvuta mkanda wa kushoto, akaubana kwenye kifungo chake, na kengele ikanyamaza. Lakini mkanda haukulala. Ulikaa mbali na mgongo wa kiti, umetuna kama uliopita juu ya kifua cha mtu. Aliutazama, akageuza macho mbele, akatia gia.

Nyuma ya jengo kulikuwa na uwanja wa majaribio: kilima cha udongo, mawe, na handaki la maji ambalo wateja wote hulivuka ili wajisikie mashujaa. Kilima walikipanda, mawe wakayapita. Muuzaji alianza tena kusifia springi.

Walipofika ukingoni mwa handaki, kifungo cha mkanda wa kushoto kilifanya tak. Mkanda ukajirudisha wenyewe. Mpima maji akakanyaga breki. Kengele haikulia, maana kitini hapakuwa na mtu tena.

"Mbona tumesimama? Maji ya magotini tu haya."

"Nyamaza kidogo, baba."

Mlango haukufunguka. Lakini maji karibu na ukingo yalichora duara, kisha likaja la pili mbele yake, na la tatu, kwa mwachano wa hatua za mtu asiye na haraka. Yalipofika katikati yalisita. Yakarudi moja moja, mpaka ukingoni.

Boneti ikagongwa mara mbili.

 Muuzaji alishuka kwa mlango wa kulia, mbali na kile kiti, akaokota ufito, akauzamisha handakini. Ulizama wote, mkono ukafuata mpaka kwapani. Mvua za wiki ile zilikuwa zimekula sakafu ya handaki, na hakuna aliyekuwa na habari.

Ndani ya gari kiti cha kushoto kikabonyea. Ti, ti, ti.

Mpima maji alishika usukani kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na aliyaacha. Aliogopa, tena sana, lakini aliogopa zaidi kukosea mara ya pili.

"Funga mkanda, Fimbo," alisema.

Mkanda ukavutwa taratibu, ukapita kifuani pasipokuwa na kifua, ukabana. Kukawa kimya.

Muuzaji alirudi uso umempauka, akasimama dirishani asiingie. "Mama, ile ya kati... ile haina kengele kushoto. Au hii tuikate waya."

"Naichukua hii. Na waya asiguse mtu."

Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Umechagua ipi?"

"Ya juu."

"Vizuri. Na huko porini utakwenda na nani, mwanangu?"

Mpima maji aliutazama mkanda wa kushoto, ulivyotuna, ukipanda na kushuka polepole.

"Nina mtu, mama," alisema. "Safari hii nimemkumbusha mkanda."