Kimbunga cha Ghorofa ya Tatu

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia nafuga kimbunga. Wengi hucheka, mmoja mmoja huuliza kinakula nini. Kinakula maji lita nane kwa siku, umeme, na subira ya watu watatu: mimi Jui, fundi mdogo, Mzee Liao, fundi mkuu, na Dada Shu-hui aliyekibuni, ambaye ukimwita mama kimbunga hakasiriki.

Kinaishi ghorofa ya tatu ya jumba la sayansi hapa kwetu mjini Chiayi. Ni nguzo nne za mita tano tano, kila moja imetobolewa matundu kutoka juu hadi chini. Upepo unatoka kwenye matundu hayo kwa upande, ukifukuzana kwa duara. Sakafuni katikati pana beseni la maji yanayotetemeshwa mpaka yanakuwa ukungu, na darini kuna feni inayovuta. Ukungu unapanda, unazunguka, unakonda, na mara kuna kitu kimesimama mbele yako, cheupe, kirefu, kinachochezesha kiuno kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Vimbunga vya kung'oa mapaa sisi watu wa kisiwa hiki tunavijua tangu tumboni. Hiki unaingia ndani yake na watoto wako, unatoka na nywele zilizolowa kidogo.

Hakuna kamba wala kibao cha kukataza kugusa. Hilo Dada Shu-hui alilipigania. Alivunja mifano kumi na moja kwa miaka mitatu, wa kwanza wa maboksi na feni ya mezani, kwa sababu alitaka upepo upate mwili, mtu aushike mkono.

Sasa, kuanzia katikati ya kiangazi kimoja, kimbunga kiligoma. Asubuhi kinasimama vizuri, unasema leo amepona. Baada ya dakika ishirini hivi kinaanza kukohoa, kinapinda, kisha kinamwagika sakafuni kama uji. Wageni wetu, kwa adabu zao, walidhani ndio mwisho wa onyesho. Walipiga makofi wakaondoka. Dada Shu-hui kila akisikia makofi yale alikwenda kujifungia stoo.

Halafu ikaja barua. Kamati ya ukaguzi ya watu watatu ingefika Ijumaa saa nne asubuhi. Kimbunga kikisimama mbele yao, kibaki. Kikianguka, kifumuliwe, na pahali pake iwekwe skrini kubwa ya kuonyesha picha ya kimbunga. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Hsueh, aliyekuwa mkuu wa shule yangu ya sekondari, mtu ambaye hata kivuli chake kilikuwa kimenyooka. Alikwisha kuwaambia wenzake maneno mawili tu: skrini haianguki.

Jumatano tulifungua kabati la chuma nyuma ya ukuta, ambamo imo mashine inayopuliza upepo kwenye nguzo. Ukifungua mlango wa kabati, mashine inajizima yenyewe, ili asikatwe mtu vidole. Mzee Liao alipiga goti, akamulika, akagusa mkanda, akanusa injini kama anayenunua samaki.

"Mzima," akasema. "Huyu mzima kabisa. Anadeka."

"Kama fundi wake," nikasema.

"Wewe mtoto, mdomo wako ungekuwa unapuliza upepo tusingehitaji mashine."

Kisha, kabla ya kufunga, aliziokota pakiti za kijani zilizokuwa zimeanguka chini ya mashine, akazifuta vumbi kwa kiganja, akazipanga mstari mmoja mbele ya mashine, nyuso zikitazama nje.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza.

Kisiwani kwetu, penye mashine pana pakiti ya kijani. Nenda hospitali, nenda benki, utaikuta imekaa juu ya mtambo: vitafunio vya mahindi vya ladha ya nazi, vyenye jina la kumbembeleza mtoto atulie. Mashine ikikaa nayo inatulia. Masharti ni machache. Iwe ya kijani, isiwe imepitwa na tarehe, na asiile mtu. Mzee Liao aliweka moja siku kimbunga kilipozinduliwa, na kila mwaka aliibadilisha. Ilikaa kwenye kona yake, haikumsumbua mtu.

Mwezi wa sita kimbunga kilipokohoa mara ya kwanza, chokaa ya maji ilikuwa imeziba vitetemeshi kwenye beseni. Tukavisugua. Lakini mimi, kwa utani wangu, nilikuwa nimekwisha kuongeza pakiti mbili kabatini, na moja nimeiandikia "Tulia, baba, watu wanatazama." Kimbunga kikapona. Basi sifa zote zikaenda kwa pakiti, na chokaa ikasahaulika. Kilipokohoa tena, Mzee Liao mwenyewe akanituma dukani. "Leta mbili. Angalia tarehe." Kikazidi kuugua, nasi tukazidi kuongeza. Zikafika saba, zimebanana humo ndani kama abiria wa treni ya sikukuu.

Alhamisi mchana, ikiwa imebaki chini ya siku moja, Dada Shu-hui alikuja na simu yake na mkanda wa gundi.

"Tunafungua, anazima. Tunatazama, mzima. Tunafunga, anaugua," akasema. "Kwa hiyo kuna jambo linatokea mlango ukiwa umefungwa. Nataka kuona anafanya nini akiwa peke yake."

Akaiwasha simu irekodi, akawasha taa yake, akaibandika ndani ya kabati, tukafunga. Tukaenda kukaa sakafuni kuzunguka kimbunga, watu wazima watatu tunasubiri kiumbe chetu kife. Kilisimama kizuri mno siku ile. Kilipanda hadi darini bila kutikisika, na mwanga wa dirisha ulipopita katikati yake ungeona nyuzi za ukungu zikijisokota moja moja, kama kuna mtu asiyeonekana anasuka kamba. Dakika ya kumi na tisa kikakohoa. Ya ishirini na mbili, uji.

Tukaitazama video vichwa vikigusana.

Mwanzoni hakuna kitu, kabati linatetemeka tu. Kisha pakiti ya kwanza inasogea, upana wa ukucha mmoja. Inatulia. Inasogea tena. Mtetemo wa mashine ulikuwa unazitembeza zote saba kuelekea kwenye wavu ambao mashine inavutia hewa. Ya mbele ilipofika karibu iliinuka, ikasimama wima, ikaenda yenyewe ikabusu wavu, paa. Ikafuata ya pili, kisha ya tatu. Mpaka mwisho zilikuwa tano zimebanduka chini na kung'ang'ania wavu, na mashine inahema kama mtu aliyezibwa pua. Tulipofungua mlango upepo ulikatika, zote zikadondoka chini kwa unyenyekevu. Na Mzee Liao, kwa heshima zake, alikuwa anaziokota na kuzipanga upya mstarini, tayari kwa safari nyingine.

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana hata upuuzi wetu ulikuwa umetii upepo kwa ustadi wa kutisha: tano, moja baada ya nyingine, kwa zamu, bila kusukumana.

"Nne ni zangu," nikasema. "Mbili nilileta mwenyewe, na mbili nyingine, ile mara ya mwisho, nilitumwa nilete moja nikaleta mbili. Dada, nisamehe. Miezi miwili umelia stoo kwa ajili ya utani wangu."

Dada Shu-hui akazima simu. "Nilikuwa silii. Nilikuwa nahesabu matundu kwenye michoro."

"Basi tuzitoe," nikasema.

"Zitoke?" Mzee Liao akashtuka. "Kesho kamati, leo tuzitoe? Unamfukuza mlinzi usiku wa kuamkia vita?"

"Mzee wangu, mlinzi mwenyewe ndiye anayemkaba shingo."

"Anamkaba kwa sababu mmembana. Ukialika wageni saba kwenye chumba cha mmoja, utamlaumu mgeni?"

Tukamgeukia Dada Shu-hui, mwenye shahada mbili, atoe hukumu. Akashika pakiti ya zamani, ile ya Mzee Liao, akaigeuza, akasoma tarehe.

"Mimi ni mtu wa sayansi," akasema. "Kwa hiyo zote zinatoka ndani. Lakini simtupi mtu. Zikae juu ya kabati, nje, na tuzifunge na gundi."

Mzee Liao alizifunga yeye mwenyewe, gundi juu ya gundi, kama anafunga mzigo wa meli.

Ijumaa saa nne kamili Bwana Hsueh aliingia na wenzake wawili, mama mmoja wa idara ya elimu na kijana wa halmashauri aliyebeba faili. Aliponiona aliniita kwa jina kamili, "Yeh Po-jui. Bado unaongea?"

"Nimepunguza, mwalimu."

"Nimeambiwa kinaanguka dakika ya ishirini." Akavuta kiti, akakaa, akavua saa ya mkono akaiweka juu ya goti. "Nitasubiri."

Dada Shu-hui akawasha. Wageni wa kawaida walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu, familia, vikongwe, kundi la wanafunzi wa kike, na wote wakanyamaza kwa sababu mzee mwenye saa gotini alikuwa amenyamaza. Ukungu ukatambaa sakafuni kama maziwa yaliyomwagika. Ukazunguka mara moja, mara mbili, ukijitafuta. Kisha ukainuka.

Dakika ya kumi. Ya kumi na tano. Nilimwona Dada Shu-hui midomo ikicheza, alikuwa anahesabu. Dakika ya ishirini lifti ikafunguka, likashuka kundi la watu kumi, hewa ya ukumbi ikasukumwa, na kimbunga kikapinda tumboni. Kikainama, kikaning'inia upande, chembamba kama uzi. Mzee Liao alifumba macho. Mimi niliyafumbua zaidi, kwa hiyo niliona: kile kiuzi hakikukatika. Kilijikusanya kutoka chini, pete ya ukungu ikapanda juu ya pete, na kikarudi wima, kinene kuliko mwanzo, mpaka mtu mmoja kwenye foleni akasema polepole, "Ee, mama."

Dakika ya ishirini na tano. Thelathini.

Bwana Hsueh akaivaa saa yake. Akainuka, akaenda, akavuka duara la nguzo akasimama katikati, na kimbunga kikampanda. Tai yake ikainuka. Nywele alizozichana kwa makini kufunika upara zikainuka, zote kumi na nne. Miaka sita nilikuwa nimesubiri jambo kama lile, na sikucheka. Hakuna aliyecheka. Alirudi nyuma hatua moja, akanyoosha mkono na kuuingiza kwenye ile nguzo nyeupe ya ukungu. Kimbunga kikagawanyika kwenye kifundo cha mkono, kikapita pande zote mbili, kikaungana tena juu yake. Akautoa mkono. Kikajifunga bila kovu. Akauingiza tena.

"Nani anakizungusha?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo.

"Hakuna, mwalimu," Dada Shu-hui akajibu. "Nguzo zinasukuma hewa upande, feni inavuta juu. Humo uliposimama hakuna kifaa. Umbo hilo kinajifanyia chenyewe."

"Chenyewe."

"Ndiyo. Na sijakiona kikisimama namna moja mara mbili."

"Wewe umekitengeneza. Unajua kila sababu. Bado unakitazama?"

"Kila asubuhi, kabla sijavua koti."

Alitikisa kichwa taratibu, macho yamefuata ule weupe hadi darini. Kijana wa halmashauri alikohoa akafungua faili. "Mwenyekiti, kuhusu ile skrini, niandike nini?"

"Andika ikawekwe chini, kwenye foleni ya lifti," Bwana Hsueh akasema bila kugeuka. "Watu wapate la kutazama wakisubiri kuja hapa."

Dada Shu-hui aliketi sakafuni pale pale, kama mzigo uliokatwa kamba. Mzee Liao akajifanya anakagua nguzo, akampitishia kitambaa bila kumtazama.

Bwana Hsueh hakutoka. Alisimama mle ndani, kiganja wazi, akiusubiri upepo uje, unakuja, anausubiri tena. Dakika zikapita. Mwishowe bibi mmoja wa mbele kwenye foleni, mfupi, mkoba begani, akamgusa kiwiko.

"Kaka, tupishe na sisi. Tumefika tangu hujaanza kuangalia saa."

Mkuu wangu wa shule akainama, akaomba radhi, akatoka kwenye ukungu nywele zikiwa bado zimesimama. Akatazama foleni ilivyozunguka ukumbi hadi kwenye ngazi, akaifuata taratibu, mikono nyuma, akaenda kusimama mwisho.