Mtihani wa Mama Mteja

"Viti vitazamane," mwalimu alisema. "Sitaki mtu wa kuangalia kisogo cha mwenzake."

Wanafunzi wa uhandisi waliburuta meza za ukumbi wa mitihani huku wakinong'onezana. Walishamzoea kwa vituko. Muhula mzima alikuwa akiwafundisha ujasiriamali, somo waliloliona la kupumzikia kati ya hesabu na umeme, na kila walipomwonyesha mchoro wa mashine aliwauliza lile lile: mteja ni nani? Wakambatiza Mama Mteja. Akichelewa, walibana pua na kuiga sauti ya simu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Aliwasikia tangu koridoni, na siku nyingine alicheka peke yake kabla ya kuingia.

Leo hakuwa na kicheko. Mkuu wa idara alikuwa ameifuta kazi ya vitendo aliyoipanga, ya kuwapeleka wanafunzi mtaani na vifaa walivyobuni. Injinia si mchuuzi, alisema. Mtihani ufanyike ukumbini, mezani, kwa muda uliopangwa, na swali la kwanza liwe maana ya ujasiriamali. Akikaidi, asitegemee mkataba mwingine. Mwalimu aliwahi kuwa na karakana yake, ikamfia mikononi pamoja na mashine nzuri ambazo hakuna aliyezitaka. Maana ya ujasiriamali alikuwa ameikariri vizuri sana wakati huo. Haikumsaidia kitu.

Siku ya katazo hilo, alipofika nyumbani amefura, dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki, hakumpa hata pole.

"Amekataza wanafunzi kutoka," dada alisema, uzi ukiwa kati ya meno. "Sisi kuingia katukataza nani?"

Sasa mlango wa ukumbi ukafunguliwa, dada akaingia wa kwanza na gauni lake la kutokea. Nyuma yake walikuja kinyozi, fundi baiskeli na wanawake wa maghorofa ya jirani wanaopandisha maji kwa ndoo. Wakakaa kwenye viti vilivyobaki, kila mmoja akitazamana na mwanafunzi wake, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuta kiti cha mbele yake kitupu. Mwanafunzi wake alikuwa amepata habari za mkwaruzano wa mwalimu na Mkuu, akaona heri augue.

"Mfanye aliye mbele yako akitake ulichotengeneza," mwalimu aliwaambia. "Akikataa, usiinuke mpaka ujue kwa nini."

Dada aliangukia kwa msichana aliyeongoza darasa tangu mwaka wa kwanza, waliyemwita Kipimo kwa sababu rula haikumtoka mkononi. Kipimo alikuwa ameunda toroli la kupandisha ndoo za maji ngazini. Akaeleza pembe za magurudumu, akaeleza msuguano, akaeleza uzito. Dada akapiga mwayo bila kuuficha.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, mama. Kuna ufanisi."

"Huo ufanisi nikifika nao juu nauweka wapi? Chumba changu kikiingia kiti, mimi natoka."

Kipimo akashusha rula kwenye mchoro, asipate pa kuiweka. Akamtazama mwalimu kwa macho ya kuomba msaada, mwalimu akageukia dirisha. Ilimuuma. Swali la namna ile alilijua tangu karakana yake, na yeye alikuwa amelijibu kwa maelezo zaidi.

Kipimo akaukunja mchoro, akauweka chini ya meza.

"Mama," akasema taratibu, "kwani wewe maji unayapandishaje?"

Dada akasogeza kiti karibu. Mwalimu aligeuka kutoka dirishani. Muhula mzima alikuwa hajawahi kumsikia binti huyo akiuliza kitu asichokuwa na jibu lake tayari.

Hapo ndipo Mkuu alipotokea mlangoni, faili kwapani.

"Hiki ni kitu gani?"

"Mtihani, Mkuu. Ukumbini, mezani, kwa muda uliopangwa."

"Na hawa?"

"Hao ndio maswali."

Mtu akacheka kule nyuma, akakimeza kicheko. Mkuu alishusha sauti, na alipoishusha ndipo alipotisha.

"Usimamishe sasa hivi. La sivyo, muhula ujao hutakuwa hapa."

"Muhula ujao sitakuwa hapa," mwalimu alisema. "Leo nipo. Na mtihani ukishaanza hausimamishwi, kanuni umeiweka wewe mwenyewe."

Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Mwanamke aliyekosa mwanafunzi alikuwa akimkagua Mkuu tangu viatu hadi tai. Alikuwa amefunga kazi zake kuja hapa, na hajauziwa chochote.

"Baba," alimwita, akikisukuma kwa mguu kile kiti kitupu, "wewe unauza nini?"

Mkuu akakitazama kiti. Mwanamke akaweka mikono mapajani, akamsubiri.