Masweta Mawili ya Brightness

Joto la Mkuyuni mwezi wa pili halina adabu. Saa nne asubuhi bati limeshaanza kulia, lakini Brightness alikuwa amevishwa masweta mawili. Mawili, jamani! Na soksi, na kofia ya kufuma iliyomfunika masikio. Mama yake, Prudencia, alikuwa akimfuta jasho kwa ncha ya khanga huku jicho liko mlangoni, maana mama mkwe alishapiga simu kwamba bajaji inapanda mlima.

Prudencia aliogopa. Mtoto ana miezi kumi na mmoja, na ndani ya yale masweta alikuwa amekonda vibaya. Mtaani kwao mtoto akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Wananong'ona nani amembemenda: nani, baba au mama, ametoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya. Baba mwenyewe, Ooko, yuko visiwani anavua, miezi miwili sasa hajakanyaga nyumbani. Sasa hapo kesi itamwangukia nani? Si Prudencia, mtu wa Bukoba, aliyebaki mjini peke yake! Mama mkwe angembeba mjukuu wake akaondoka naye kwao Shirati, basi, na nani angemtetea? Hakuwa amefanya lolote, Mungu shahidi. Lakini hofu haina akili, na kuna siku alijihoji mwenyewe kama kucheka na muuza mkaa nako kunahesabiwa.

Ndiyo maana kliniki hajakanyaga miezi mitatu. Kule mtoto anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mzani mbele ya benchi zima la wanawake, na macho ya benchi lile anayajua.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mke mwenzangu?"

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kulima. Akampokea mjukuu huku anacheka, mara kicheko kikakatika. Akamnyanyua kidogo, akamshusha, akamnyanyua tena.

"Mbona umemfunga hivi?"

"Ana kifua, mama. Baridi."

"Baridi ya wapi? Weka maji kwenye beseni, nimwogeshe."

"Nimeshamwogesha, mama."

"Ataoga tena."

Prudencia akamimina maji harakaharaka, nusu yakamwagika sakafuni. Akasimama pembeni akitazama sweta la kwanza likivuliwa, kisha la pili. Mbavu zikatokea zote. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, imekunjamana. Mtoto hata hakulia, alitazama tu, na kule kutokulia kulimtisha Prudencia kuliko mbavu.

Sasa anasema, aliwaza. Sasa hivi anasema.

"Anakula nini?" mama mkwe akauliza.

"Uji, mama."

"Ulete niuone."

Prudencia akaleta chupa ya chai, akamimina kikombeni. Uji ukatiririka mwepesi, chini ya kikombe pakaonekana.

"Mbona maji haya?"

"Ukiwa mzito haupiti kwenye chuchu ya chupa. Mimi nashinda mwaloni kuanika dagaa, anayempa ni jirani, mama Kashindye. Lakini anamaliza wote, mama. Anashiba kabisa, tumbo linajaa!"

Mama mkwe akaonyesha kwa kidevu magunia nyuma ya mlango. "Na hao dagaa?"

"Wa kazini hao, wanaenda kuwa chakula cha kuku. Mtoto hajatembea bado, dagaa watamharibu tumbo."

"Nani kasema?"

"Wote wanasema."

"Ehe! Kwa hiyo kuku wa watu wanakula dagaa, mjukuu wangu anakunywa maji. Kliniki wamesemaje?"

Prudencia akapiga magoti kwenye yale maji yaliyomwagika. "Sijampeleka. Niliogopa watasema nimembemenda. Na wewe utasema, mama, utamchukua. Sijafanya kitu, naapa!"

Mama mkwe aliendelea kumwagia mtoto maji mgongoni, polepole, kwa kiganja.

"Ooko ni mtoto wangu wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Wa pili. Wa kwanza alikuwa Zadok. Nilimfunga blanketi hivi hivi, mama mkwe wangu asimwone. Na hakumwona. Hakuna aliyemwona mpaka siku tuliyomzika."

Prudencia alipojivuta kuokota sweta, akazuiwa mkono. "Acha hilo. Leo anatoka na kigauni. Wamwone."

Wakamwona. Mama Kashindye alishika mdomo, wanawake wa bombani wakageuza shingo, na Prudencia akatembea na mtoto katikati yao akitamani ardhi imfiche. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, anampumulia shingoni.

Walipofika zahanati, nesi alizungusha utepe wa kupimia kwenye mkono wa mtoto. Utepe ukaishia kwenye rangi nyekundu, ile ya hatari. Hakuuliza habari za baba wala za ndoa. Alichana pakiti ya chakula dawa, laini, chenye harufu ya karanga.

"Nawa mikono, mama, umpe kwa kidole. Akila hapa mbele yangu, mtarudi na pakiti nyingine nyumbani, na nitakufundisha uji mzito wa kijiko, na dagaa safi wa kutwanga. Akikataa, analazwa sasa hivi. Mwili ukifika hatua ya kukataa chakula, hatuna muda."

Prudencia akampelekea kidole. Brightness akageuza uso. Akampelekea tena, chakula kikatoka, kikamtiririka kidevuni. Nesi akatazama saa ya ukutani. Mama mkwe alikuwa ameukazia macho ukuta, midomo inacheza bila sauti, na Prudencia akajua kabisa anamwona nani pale.

"Mwanangu, nakuomba," akasema. "Nakuomba, mama yangu, kula."

Mara ya tatu ulimi ukatoka kidogo, ukaonja. Kisha kinywa kikafunguka, na Brightness akakibana kidole kwa meno yake yote manne, akaanza kunyonya.

Kiliuma. Prudencia akakiacha humo humo.