Hamira Isiyoumua

Kinyozi mmoja wateja wake wote walimwita Kipara, na jina lilimkaa barabara, maana alikuwa akinyoa vichwa vya watu ilhali chake hakina hata unywele. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye kitambi cha raha. Kisha tumbo likamgeuka. Kila alichokula kikawa kinamkimbiza chooni, na majibu ya vipimo yalipotoka akaambiwa ngano na shayiri asiziguse tena maisha yake yote. Maziwa na jibini navyo aviweke kando. Akahamia kwa dada yake, fundi cherehani, angalau apate wa kumpikia.

Dada alijitahidi. Leo wali na maharage, kesho viazi, keshokutwa maharage tena. Kipara alikula kama mtoto anayemezeshwa dawa. Dada alimpunguzia suruali kiuno, baada ya muda akazipunguza tena, na alipozishika mara ya tatu machozi yakamlengalenga.

"Mdogo wangu, utaisha."

"Njaa ninayo, dada. Nilichopoteza ni hamu. Nikikumbuka jibini mate yananijaa, halafu naletewa kiazi kinanikodolea macho."

Dada akaenda kliniki kumwona mtaalamu wa lishe. Yule bwana akamsikiliza, akamwambia, "Mtafutie hamira ya lishe. Siyo ile ya mkate. Hii imeshauawa kwa joto, haiumui kitu. Ni vipande vyepesi vya manjano, unanyunyiza juu ya chakula, na ladha yake inakaribia jibini. Ila usome kopo vizuri. Nyingine hutokana na shayiri, nyingine huchanganywa na unga wa maziwa."

Dukani kwa jirani, muuzaji alimsukumia pakiti ya hamira ya mkate. "Hamira ni hamira, mama."

"Nikimpa hiyo ataumuka yeye mwenyewe," dada alijibu, na wote waliokuwa pale wakaangua kicheko.

Alizunguka mpaka akafika duka moja lenye rafu za vioo, linalouza vyakula vya wagonjwa. Kopo likapatikana. Furaha ikamzidi, akakimbia nalo nyumbani bila hata kuvaa miwani. Kipara alipofungua kifuniko na kunusa, uso ulimchanua.

"Dada! Jibini hili!"

Kijiko kilikuwa kinaelekea mdomoni dada alipokumbuka miwani yake. Akasoma maandishi madogo nyuma ya kopo: shayiri. Akamnyang'anya kijiko.

"Kimoja tu," Kipara alibembeleza.

"Hata nusu!"

Dada akatarajia mzaha. Haukuja. Kipara alifunika kopo polepole, akasema, "Basi, dada. Usihangaike tena. Nitazoea."

Neno hilo lilimchoma kuliko malalamiko yote. Asubuhi aliacha gauni la mteja likining'inia bila mikono, akarudi dukani na kopo lake. Muuzaji, binti mpole, aliona haya.

"Samahani, mama. Kwa kweli sikujua kwamba zinatofautiana."

Binti akampigia simu anayewaletea mzigo, akauliza, akauliza tena, mwishowe akapanda ngazi na kushusha kopo dogo kutoka rafu ya juu. Hamira hiyo ilikuzwa kwa molasi, ule uji mzito mweusi wa miwa, na kopo lilieleza wazi kwamba haina ngano, shayiri wala maziwa. Dada alilisoma, akamtaka na binti alisome kwa sauti, kisha akampigia mtaalamu wa lishe.

"Hiyo ndiyo yenyewe," mtaalamu akasema. "Aanze na kidogo."

Jioni hiyo dada aliponda viazi kwa mafuta na vitunguu vya kukaanga, akanyunyiza ile hamira juu, akaketi mkabala na mdogo wake. Kipara alionja. Akatafuna, akitazama dari.

"Sema basi!"

"Siyo jibini."

Moyo wa dada ukashuka.

"Ni binamu yake jibini," Kipara akaendelea, "wa upande wa mama. Sura hawafanani, lakini ukimsikia akiongea unajua ni damu moja."

Akachota tena, safari hii kijiko kimejaa. Dada aliponyoosha mkono naye aonje, Kipara alilizungushia bakuli mkono kama anayelinda mali yake.

"Wewe una mikate yote ya mji huu. Niachie changu!"

Alilimaliza, akaulizia kilichobaki sufuriani. Dada akainuka kwenda jikoni, akampa mgongo, akakwangua ukoko huku akijifuta macho kwa upindo wa khanga.