Upande wa Watoto

Saa moja na dakika kumi asubuhi, umande ulikuwa umelowesha ukuta wote wa gofu la kanisa la Wahispania kijijini Humatak, isipokuwa sehemu moja, pana kama mtu aliyeketi. Engrasia Topasna aliiona, akaiandika, kisha akamkabidhi binamu yake Kindo ncha ya tepu ya kupimia.

Engrasia alikuwa mwalimu wa historia. Mwezi mzima alikuwa akizuru magofu ya Wahispania ya pwani ile, daraja baada ya daraja, ngome baada ya ngome, lakini asubuhi hiyo alikuwa na shughuli ya nyumbani. Kimbunga kilikuwa kimeng'oa jiko la nje la mama yake, na ofisi ya mambo ya kale haikukubali lijengwe upya mpaka ithibitishwe kwamba makaburi ya kanisa, yaliyozikwa ndani ya ukuta wake, hayakufika kiwanjani kwao. Mama yake alikuwa na miaka sabini na minane. Katika jiko lile alipika wali mwekundu wa sikukuu za kijiji, na hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda.

"Ukuta ukiishia pembe ile, tumepona," alisema Kindo. "Ukipita, nahama kisiwa. Siwezi kumtazama shangazi usoni."

"Uhame na tumbo hilo? Hufiki hata bandarini. Vuta tepu."

Mita thelathini na moja. Kiwanja kilikuwa mbali zaidi ya hapo. Ila mawe ya mwisho yalikuwa yamevunjika. Hayakuwa yamejengwa kuishia pale.

Alipoinua kichwa kutoka kwenye daftari, bibi kizee alikuwa ameketi pale pakavu. Hakumfahamu. Lakini mtu aliyelelewa Humatak haanzi kwa kuuliza. Mkono wa mzee hupokelewa kabla ya jina lake. Akainama, akaushika mkono ule, akagusisha pua yake nyuma ya kiganja chake. Ulikuwa wa baridi, na ulinuka chokaa mbichi.

"Mungu akusaidie, mwanangu," alijibu bibi, kama wazee wote wajibuvyo. "Mmepima upande wa wakubwa tu. Wa watoto je?"

"Uko wapi, bibi?"

"Panapopikwa. Wanapenda kelele za sufuria."

"Unamwinamia nani?" Kindo aliuliza kutoka upande wa pili wa tepu.

Engrasia aligeuka. "Bibi huyu hapa."

"Hapo pana wewe na kuku wa padre. Umekunywa chai kweli?"

Akatazama tena. Sehemu ile ilikuwa imelowa kama kwingine kote.

Hilo hakuliandika. Angeweza kutia sahihi karatasi ya vipimo pale pale, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini ukishapokea mkono wa mzee, neno lake huliachi njiani. Yeye alimpa Kindo sababu nyingine, ambayo nayo ilikuwa ya kweli.

"Ukuta umevunjika, haukuishia. Lete nondo."

"Engrasia, tumeshapata kipimo kizuri."

"Lete nondo, Kindo."

Walipofika kiwanjani, mama yake alikuwa kizingitini, akichambua mchele. Engrasia aliupokea mkono wake, kisha akaanza kudunga nondo pale lilipokuwa jiko. Mara mbili ilizama. Mara ya tatu ikagonga jiwe, sentimita arobaini chini. Wakachimba. Yakatokea mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake sentimita sitini na mbili, sawasawa na ukuta wa kanisa. Kwa ndani kulikuwa na taya dogo, lenye meno ya utotoni.

Mama alikuja akatazama.

"Miaka hamsini," alisema, "nikitoka tu, nikirudi nakuta mifuniko ya sufuria imefunuliwa. Na mimi nikimgombeza marehemu baba yako."

"Nifukie, shangazi?" Kindo aliuliza kwa sauti ya chini. "Tumeona sisi tu."

Mama alimgeukia binti yake. "Mwalimu, unasemaje?"

Engrasia alivuta tepu upya toka kanisani hadi kwenye mawe yale, akakata thelathini na moja kwa mstari mmoja, akaandika hamsini na nne. Kisha akaipigia simu ofisi ya mambo ya kale.

Saa sita na robo, afisa wa mambo ya kale alizungusha kamba nyekundu pale lilipokuwa jiko, akaandika kwenye fomu kwamba kibali kimekataliwa. Mama aliweka sahihi yake chini.